Jibu kwa msomaji wa Uyole: stauti ya pishi moja, chupa nyingine zimelala na nyingine zimepasuka

Msomaji wetu wa Uyole, Mbeya, ameandika hivi: “Shikamoo mzee. Mwanzoni mwa mwezi wa sita nilipika lita 20 za stauti, ile bia nyeusi, kwa kimea cha shayiri nilichoagiza, nikatia hamira ya bia ya pakiti. Siku ya kwanza haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha utamu uliobaki kwenye bia, ilisoma 1.050. Baada ya siku kumi viputo vilikuwa vimekoma na haidromita ikasoma 1.021, kwa hiyo nikajaza chupa 36 za nusu lita, kila moja na kijiko kimoja cha chai cha sukari, nikazifunga kwa vizibo. Chupa 24 niliziweka stoo, na 12 zikabaki jikoni kwa kukosa nafasi. Sasa ni wiki ya tano. Za stoo zimelala kabisa, hazina gesi wala povu. Za jikoni tatu zimepasuka usiku, na niliyojaribu kuifungua iliruka hadi darini. Je, ni mwinuko wa Mbeya? Hizi zilizolala niziongezee sukari? Na nifanyeje nipate povu zito kama la Guinness ya bomba? Mwisho wa mwezi wa nane tuna sherehe ya mdogo wangu kule Kyela, na bia nimeshaiahidi.”

Marahaba, ndugu yangu. Kabla sijajibu maswali yako, naomba leo hii ushughulikie chupa nane zilizobaki jikoni, kwa sababu kioo cha chupa iliyopasuka kwa presha hukata kuliko kisu na hakichagui uso wa nani. Usizibebe kwa mikono mitupu, na usizifungue zikiwa na joto la jikoni. Vaa koti zito, glovu za ngozi na miwani ya kuchomelea unayoweza kuazima kwa fundi yeyote wa mageti, zifunike kwa gunia lililolowa, kisha zihamishie nje kwenye kivuli, mbali na watoto, zikae usiku mzima katika baridi yenu ya Julai. Kama una friji, zimalizie humo siku nzima. Gesi hupenda kujificha ndani ya kimiminika baridi, na bia iliyopozwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 5 hupungukiwa presha kwa zaidi ya theluthi. Zikishapoa, inua ukingo wa kizibo kwa kifungulio kidogo tu, bila kukitoa, uache gesi ivume kwa upole mpaka inyamaze, na urudie kila baada ya nusu saa hadi chupa ipunguze hasira. Ukimaliza hapo ndipo tuzungumze kwa utulivu.

Chupa zako za stoo na chupa zako za jikoni zina ugonjwa mmoja, si miwili. Bia yako ilikuwa haijamaliza kuchacha ulipoifunga. Ilikuwa imelala kwa baridi, na viputo vikakoma kama vinavyokoma vya bia iliyokwisha, nawe ukaamini viputo. Zile za stoo zimeendelea kulala kwa sababu stoo ya Uyole mwezi wa sita na wa saba ni friji isiyo na umeme. Zile za jikoni zimeamshwa na joto la moto, zikaendelea na kazi iliyokuwa imebaki, safari hii zikiwa zimefungwa mdomo.

Usiniamini kwa maneno, pima. Fungua chupa moja ya stoo, umimine bia kutoka bilauri moja hadi nyingine mara ishirini au zaidi mpaka isitoe kiputo hata kimoja, kisha itumbukizie haidromita. Kama dhana yangu ni sahihi, utasoma karibu na 1.024, yaani 1.021 uliyoiacha pamoja na nukta tatu hivi zilizoletwa na kijiko chako cha sukari, ambayo nayo bado imo humo haijaguswa. Fanya vivyo hivyo kwa chupa ya jikoni iliyokwisha kupumuliwa: hiyo inapaswa kusoma karibu na 1.014, ambapo nakadiria stauti kama yako ingeishia. Tofauti hiyo ya nukta kumi ndiyo iliyovunja chupa zako. Lakini kama ya jikoni itasoma chini ya 1.008, iwe nyepesi mdomoni, ina uchachu, na shingoni mwa chupa kuna pete nyeupe, basi kuna vijidudu vilivyoingia kutoka kwenye vyombo, na hapo dawa ni kumwaga na kusafisha upya. Jambo hili hutokea sana kwa anayepikia bia ndani ya ndoo iliyowahi kuwekwa komoni au ulanzi, pombe zetu za kienyeji, kwa sababu mikwaruzo ya plastiki hutunza wageni ambao sabuni haiwafikii.

Sasa hesabu, kwa kuwa gesi ya bia ni mambo ya kuhesabu kabla ya kuwa mambo ya kuonja. Hewa ya ukaa ndani ya chupa hutoka sehemu tatu: ile iliyobaki ndani ya bia baada ya kuchacha, ile inayotokana na sukari unayoongeza wakati wa kufunga, na ile inayotokana na utamu ambao hamira haikuumaliza. Stauti ya chupa hupendeza ikiwa na gramu 4 hivi za hewa ya ukaa kwa kila lita, wakati bia nyepesi za rangi ya dhahabu hubeba gramu 5 au zaidi. Gramu moja ya sukari ya dukani ikichacha hutoa zaidi kidogo ya nusu gramu ya gesi hiyo. Na hili ndilo ningependa uliandike ukutani: kila nukta moja ya haidromita inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa, kwa mfano kutoka 1.015 hadi 1.014, huzaa karibu gramu 1 ya gesi kwa lita.

Hebu tuipitie chupa yako ya jikoni. Ilifungwa ikiwa na baridi, kwa hiyo ilikuwa tayari na gramu 1.7 hivi kwa lita. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari, na katika nusu lita hiyo ni gramu 8 kwa lita, zinazotoa gramu 4 za gesi. Kama vijiko vyako vilikuwa na kilima, ongeza mwenyewe. Nukta saba zilizobaki, kutoka 1.021 hadi 1.014, zilitoa gramu 7 nyingine. Jumla ni karibu gramu 13 mahali palipohitaji 4. Kwa joto la nyuzi 20, presha ya ndani inafikia mara saba na nusu ya kanieneo ya hewa ya kawaida ya pwani, ambayo ni karibu mara tatu ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Chupa ya bia ni imara, lakini haikutengenezwa kwa mzigo huo, na iliyokuwa na ufa usioonekana ndiyo iliyotangulia. Utaona pia kwamba hata kama bia ingekuwa imekwisha kuchacha sawasawa, kijiko chako kingeipa karibu gramu 6 kwa lita, ambazo ni gesi ya soda na si ya stauti. Kwa hiyo swali lako la kuongeza sukari kwenye zilizolala jibu lake ni hapana, tena hapana yenye mkazo. Humo ndani sukari imejaa; kilichokosekana ni joto.

Mwinuko umeuliza kwa haki, maana watu wengi wa nyanda za juu huutupia lawama, kuanzia maharage yasiyoiva hadi keki iliyobonyea. Ukweli ni kwamba unagusa jambo hili kwa ncha ya kidole tu. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa inakandamiza pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Bia iliyomaliza kuchacha kwa nyuzi 20 pwani hubaki na gramu 1.7 za gesi kwa lita. Kwenu hubaki na 1.4. Ukitumia jedwali la sukari lililoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani, utapungukiwa na gramu kumi na kitu za sukari katika lita 20, na bia yako itakuwa tulivu kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Hakuna chupa inayopasuka kwa sababu hiyo, wala bia inayolala kwa sababu hiyo. Mwinuko una kosa moja tu kubwa, nalo ni kuleta baridi.

Hamira nyingi za stauti na ndugu zake hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Chini ya nyuzi 15 nyingi husinzia, hujikusanya na kuzama chini ya ndoo, na bia ya juu huanza kung’aa kama iliyokwisha kabisa. Siku mbili tatu za mwanzo mchachuko wenyewe hutoa joto, ndoo huwa ya uvuguvugu ukiigusa, na mpishi hufurahi. Ikifika siku ya nne au ya tano kasi hupungua, joto lile hupotea, na ndoo hufuata baridi ya chumba. Kwa hiyo baridi huja wakati mbaya kuliko wote, pale hamira inapokuwa imechoka na imebakiwa na sukari zile ngumu za mwisho. Watu wa Njombe na Makete, ambako ni baridi zaidi ya kwenu, wanaijua hali hii kwa togwa inayogoma kuchachuka mwezi wa saba.

Na mtu wa Iringa anaijua kwa upande wake wa pili. Zamani kidogo, msimu wa mvua, nilipanda basi la kuja Mbeya nikiwa na dumu la lita tano la ulanzi mtamu, uliogemwa asubuhi ile ile, nikalifunga kifuniko kwa nguvu zote ili lisimwagike, wakati muuzaji alikuwa amekilegeza makusudi na kunionya. Tulipofika Makambako dumu lilikuwa limevimba mbavu mpaka halisimami. Nilipogusa kifuniko kiliniponyoka mkononi, na abiria wa kiti cha mbele aliteremka Igawa na shati lililolowa mgongo mzima. Ulanzi haufungwi kwa sababu haujamaliza, na kila mgema analijua hilo bila haidromita. Sisi tunaopika bia ya chupa tumejipa kazi ngumu zaidi, ya kufunga kitu kinachochacha na kukitaka kichache kiasi fulani tu, basi.

Tuokoe sasa hizo chupa za stoo, kwa kuwa bia yenyewe haijaharibika. Zihamishie chumba ambacho unaweza kukipa nyuzi 18 hadi 20, lakini kabla hazijaanza kupata joto ondoa vizibo vyote, na badala yake funika midomo kwa vipande vya foili vilivyochovywa kwenye maji yaliyochemka, uvibane kwa wepesi ili gesi itoke na vumbi lisiingie. Usizimimine pamoja kwenye ndoo. Najua kishawishi ni kikubwa, lakini kumimina chupa 24 ni kuipigisha bia hewa, na stauti iliyopigwa hewa huanza kunuka karatasi iliyolowa ndani ya mwezi mmoja. Zungusha kila chupa taratibu ili mashapo ya hamira yaliyoko chini yapande juu, na urudie kila siku kwa siku nne za mwanzo. Zile nane za jikoni, zikishapumua, zifanyie hivyo hivyo. Baada ya siku kumi pima moja, pima tena baada ya siku tatu. Zikilingana, na ziwe karibu na 1.014, bia imekwisha na sasa ina haki ya kufungwa.

Kuzifunga upya kunahitaji sukari kidogo sana, na hapa kijiko hakifai kabisa. Nunua robo kilo ya sukari dukani, iyeyushe kwa maji yanayochemka, uongeze maji hadi mchanganyiko wote ufike mililita 500 kamili, uchemshe dakika tano ukiwa umefunikwa, uache upoe. Kila mililita 2 za maji hayo zina gramu 1 ya sukari. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 5, tupa sindano yenyewe, uoshe bomba kwa maji ya moto, na kila chupa ya nusu lita uipe bomba moja kamili, yaani gramu 2.5. Ni kidogo mno kwa macho, na mke au jirani atakayekuona atakuambia umekuwa bahili. Mwache aseme. Funga kwa vizibo vipya, rudisha chupa kwenye joto lile lile la nyuzi 18 hadi 20, na ungoje wiki tatu.

Joto hilo lipatikane vipi Mbeya bila gharama ya hita? Njia niipendayo ni sanduku kubwa la mbao au boksi gumu lililojazwa pumba za mpunga, zile zile zinazotupwa kwenye mashine za kukoboa za Mbarali na Kyela. Wenzetu wa Mafinga watumie maranda, maana mbao hawakosi. Ndoo au kreti hukaa katikati, ikizungukwa na pumba kwa unene wa shubiri moja kila upande, na kando yake unaweka madumu mawili ya lita tano yenye maji ya moto, unayabadilisha asubuhi na jioni. Kipimajoto cha shilingi chache kikining’inizwa humo kitakuambia kama maji ni mengi au machache. Ninachokukataza ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa saa moja. Gesi yake haina harufu na imewaua watu waliolala wakiota moto. Bia haina thamani hiyo.

Katika pishi lijalo, utajuaje kwamba 1.014 ndiyo mwisho, na si 1.018 wala 1.010? Siku ile ile unapotia hamira, chota nusu lita ya togwa yako, ninamaanisha yale maji matamu ya kimea kabla hayajachacha, uiweke kwenye chupa safi, uitie hamira kwa wingi kupita kiasi, uifunike kwa foili na uiweke mahali pa joto zaidi nyumbani, nyuzi 25 hadi 28, uitikise kila upitapo. Ndani ya siku tatu au nne itakuwa imechacha hadi mwisho wa uwezo wake. Mwaga povu, toa gesi, pima. Namba utakayoipata ndiyo mwisho wa ndoo kubwa, na ndoo isipoifikia usifunge chupa hata kama imenyamaza wiki nzima. Nusu lita hiyo usiinywe, haina ladha nzuri, lakini imenikomboa mimi na chupa zisizohesabika. Na kila unapopima, toa gesi kwanza kama nilivyoeleza, kwa sababu viputo hung’ang’ania mwili wa haidromita na kuipandisha kama vibuyu vya wavuvi, ukasoma nukta mbili au tatu ambazo hazipo.

Ndoo ikifikia namba yake, iache siku tatu zaidi kwenye nyuzi 20. Ndipo upige hesabu ya sukari. Unatumia joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia baada ya mchachuko kutulia, si joto la siku ya kufunga, maana gesi iliyotoka mchana wa joto hairudi usiku wa baridi. Kwa nyuzi 20 mlio nazo Mbeya bia ina gramu 1.4, unataka 4, pengo ni gramu 2.6, ambazo zinapatikana kwa gramu 5 za sukari kwa lita. Lita 20 zinataka gramu 100, yaani mililita 200 za yale maji ya sukari ya robo kilo. Yamimine kwanza kwenye ndoo safi, halafu ihamishie bia juu yake kwa mpira, mwisho wa mpira ukiwa umezama chini ili bia izunguke yenyewe bila kuruka, kisha koroga mara chache kwa mwiko uliochemshwa, polepole kama unayeogopa kumwamsha mtoto. Hivyo chupa zote zitapata kiasi kimoja. Sukari guru inaleta harufu nzuri ya miwa kwenye stauti, ninaipenda, lakini ina maji na vitu vingine visivyochacha, kiasi chake hutofautiana kutoka kipande hadi kipande, na kwa mtu ambaye chupa zake zimetoka kupasuka mwezi huu, ningeshauri akae na sukari nyeupe kwanza.

Chupa zenyewe ziwe zile nene za kahawia za bia, zinazorudishwa viwandani. Pitisha ukucha kwenye mdomo wa kila moja, na iliyomeguka hata kidogo iache. Chupa za pombe kali na za mvinyo usizitumie kamwe, kioo chake hakikukusudiwa kushika presha. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya bia. Na jaza chupa moja ya plastiki ya soda, safi, uiminye hewa itoke kabla ya kuifunga: hiyo ni shahidi wako. Siku ya kwanza itabonyea mkononi kama tunda bovu. Baada ya wiki mbili au tatu katika joto itakuwa ngumu kama soda mpya, ndipo unapojua za kioo nazo zimefikia. Ikikaza ndani ya siku tatu na kuendelea kuvimba, umepata onyo wakati bado una nafasi ya kupoza na kufungua.

Kuhusu povu la Guinness ya bomba, hilo halitokani na hewa ya ukaa, na ndiyo maana kijiko cha pili cha sukari hakitakufikisha huko. Mwaka 1959 kampuni ya Guinness ilianza kuitoa stauti yake kwa bomba ikitumia naitrojeni iliyochanganywa na hewa ya ukaa, kazi iliyoongozwa na mwanahisabati Michael Ash, na mwaka 1988 ikaingiza kile kidude cha plastiki kilicho ndani ya makopo kinachofanya kazi hiyo hiyo nyumbani. Naitrojeni haipendi kuyeyuka katika bia. Inapopitishwa kwenye vitundu vidogo hutoka kwa viputo vidogo sana, vinavyokaa kama krimu, na kwa kuwa hewa ya ukaa ni chache, bia haichomi ulimi. Chupa yako haiwezi kufanya hivyo, na hata Guinness ya chupa inayouzwa madukani Mwanjelwa haifanyi hivyo. Hiyo ni bia ya hewa ya ukaa kama yako, na ndiyo ya kujilinganisha nayo. Ukilazimisha gesi zaidi utapata mapovu makubwa yanayopotea upesi, pamoja na ukali unaoufanya uchungu wa shayiri iliyokaangwa uonekane kama majivu. Povu la kudumu hutoka kwenye protini: pishi lijalo tia nusu kilo ya shayiri au oti zilizosagwa bila kuoteshwa, na glasi zako zisioshwe pamoja na vyombo vilivyokuwa na mafuta, wala zisibaki na sabuni, kwa kuwa tone moja la mafuta huua povu zuri mbele ya macho yako. Nimeona bia bora ikihukumiwa kwa kosa la glasi iliyotoka kunywewa mchuzi wa nyama.

Nimebakiza Kyela. Kutoka Mbeya unateremka zaidi ya mita elfu moja, na joto la mchana kule linaweza kufika nyuzi 30 hata mwezi wa nane. Hewa nzito ya bondeni haina athari ya kukutisha, lakini joto linayo: chupa yenye gramu 13 kwa lita ikifikia nyuzi 30 ingekuwa na presha ya zaidi ya mara kumi ya hewa, na nisingependa kukaa nayo kwenye kosta moja. Ile yenye gramu 4 itafikia mara tatu na kidogo tu, na chupa nzima hubeba hilo bila shida. Ukianza kuziamsha wiki hii, ukazifunga upya mwanzoni mwa mwezi wa nane, zitakuwa tayari katika wiki ya mwisho, ingawa bila nafasi ya kuzubaa. Mtikisiko wa barabara ya Tukuyu hauongezi gesi ndani ya chupa, lakini unaamsha mashapo na kuifanya bia iruke ikifunguliwa mapema, kwa hiyo fika siku mbili kabla ya sherehe, zisimamishe wima kivulini kwa usiku wa kwanza, usiku wa pili uziweke kwenye barafu au friji ili gesi itulie, na unapomimina simama pale mashapo yanapokaribia shingo ya chupa. Ya kwanza ifungulie nje, uani, ukiwa peke yako.